Samora Machel na Deni la Mwenye Bunduki

Tarehe 5 Novemba, 1981, umati mkubwa wa wananchi ulikusanyika mjini Maputo kumsikiliza Rais wa Msumbiji, Samora Moisés Machel. Nchi ilikuwa vitani. Majambazi waliopewa silaha na makaburu wa Afrika Kusini walikuwa wakichoma vijiji na kulipua njia za reli, na ingekuwa rahisi kwa kiongozi wa nchi kumzungumzia adui wa nje peke yake. Rais huyo hakufanya hivyo. Mbele ya umma aliyashitaki majeshi yake mwenyewe ya ulinzi na usalama. Alieleza kwamba walikuwamo askari, polisi na maofisa wa usalama waliowakamata watu bila sababu, waliowapiga na kuwatesa mahabusu, waliowanajisi wanawake na waliochukua mali za watu kwa kutumia sare zao.

Tumeona vema leo kuyaeleza maisha ya kisiasa ya kiongozi huyo, kwa kuwa alikuwa askari kabla hajawa Rais. Swali lililomfuata tangu kambi ya Kongwa hadi ikulu ya Maputo ni swali linalomhusu kila avaaye sare: mwenye bunduki ana deni gani kwa yule asiye na bunduki? Samora alilijibu swali hilo vizuri kuliko viongozi wengi wa zama zake. Kisha, nchi ilipombana, yeye mwenyewe alilikiuka jibu lake. Pande zote mbili zina mafunzo.

MWANA WA MKULIMA

Samora alizaliwa tarehe 29 Septemba, 1933, katika kijiji cha Chilembene, mkoani Gaza, kwenye bonde la mto Limpopo kusini mwa Msumbiji. Baba yake, Mandande Moisés Machel, alikuwa mkulima hodari, lakini chini ya utawala wa Wareno jasho la Mwafrika na jasho la mlowezi havikupimwa kwa mizani moja. Mwafrika alilazimishwa kulima pamba, kisha akalipwa bei ndogo kuliko aliyolipwa mzungu kwa pamba ile ile. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta walowezi kutoka Ureno na kuwapa ardhi katika bonde hilo, na familia nyingi za wenyeji, ya akina Machel ikiwa miongoni mwao, zikanyang'anywa mashamba yenye rutuba. Wazee wa ukoo huo walikuwa wamepigana na Wareno katika zama za mfalme Gungunhana, mwishoni mwa karne ya 19, na habari za vita hivyo zilisimuliwa nyumbani.

Baada ya kusoma katika shule ya misheni ya Kikatoliki, Samora alikwenda Lourenço Marques, mji ambao sasa unaitwa Maputo, kujifunza uuguzi katika Hospitali ya Miguel Bombarda. Humo wodini aliupata ukoloni kwa sura nyingine. Muuguzi Mwafrika alilipwa mshahara mdogo kuliko mzungu aliyefanya naye kazi moja, na mgonjwa alihudumiwa kwa kadiri ya rangi yake na mfuko wake. Mwaka 1961 alionana na Dk. Eduardo Mondlane, msomi wa Kimsumbiji aliyekuwa Umoja wa Mataifa, alipokuja kuitembelea nchi yake. Polisi wa siri wa Ureno, waliojulikana kwa jina la PIDE, walianza kumfuatilia muuguzi huyo. Mwaka 1963 alitoroka, akapitia Swaziland, Afrika Kusini na Bechuanaland, ambayo leo ni Botswana, na mwishowe akafika Dar es Salaam kwa ndege iliyokuwa ikiwachukua vijana wa chama cha ANC.

KONGWA NA NACHINGWEA

Chama cha FRELIMO kilikuwa kimeundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni, 1962, chini ya Mondlane. Samora hakuomba masomo ya ng'ambo kama vijana wengine, aliomba kupigana. Alipelekwa Aljeria kwa mafunzo ya kijeshi, na aliporejea Tanzania akakabidhiwa usimamizi wa kambi ya wapiganaji iliyokuwa Kongwa, mkoani Dodoma. Tarehe 25 Septemba, 1964, wapiganaji wa FRELIMO waliishambulia boma ya Wareno huko Chai, katika mkoa wa Cabo Delgado, na vita vya ukombozi vikaanza. Mwezi Oktoba, 1966, Filipe Magaia, aliyekuwa mkuu wa mambo ya ulinzi wa chama, aliuawa katika mkoa wa Niassa, na Samora akashika nafasi yake. Alikuwa na umri wa miaka 33.

Jeshi alilolikuta lilikuwa dogo, nalo lilikuwa na vijana wa makabila mengi waliokuwa hawajazoea kuishi pamoja. Katika kambi kubwa ya Nachingwea, kusini mwa Tanzania, Samora alisisitiza kwamba Mmakonde, Mmakua na Mshangani wale chungu kimoja na walale hema moja. Wapiganaji walifundishwa kusoma na kuandika. Walilima mashamba yao wenyewe ili wasiwe mzigo kwa wanakijiji. Kikosi cha wanawake kiliundwa, nao wakafunzwa silaha kama wanaume. Josina Muthemba, ambaye Samora alimwoa mwaka 1969, alikuwa mmoja wa viongozi wa wanawake hao. Alifariki dunia tarehe 7 Aprili, 1971, akiwa na umri wa miaka 25.

Nidhamu hiyo ilikuwa na msingi wake katika hali halisi ya vita. Mpiganaji wa msituni hakuwa na ghala wala magari. Silaha zilivuka mto Ruvuma na kuingia ndani ya nchi vichwani mwa wanavijiji, wanaume kwa wanawake, waliotembea siku nyingi kwa miguu. Chakula kilitoka katika shamba la mkulima, na habari za nyendo za adui zilitoka kinywani mwa mkulima huyo huyo. Mpiganaji aliyeiba kuku au kumwingilia binti wa watu kwa nguvu aliwanyima wenzake njia, chakula na siri kwa siku moja. Kwa hiyo Samora alifundisha kwamba siasa ndiyo iiongozayo bunduki, na kwamba askari asiyemheshimu mwananchi amekwisha kumsaidia adui.

Mafundisho hayo yaliwahusu mateka pia. Mwezi Agosti, 1974, wapiganaji wa FRELIMO waliiteka kambi ya Wareno ya Omar, karibu na mpaka wa Ruvuma, pamoja na askari zaidi ya mia moja. Askari hao walipelekwa Tanzania, wakatunzwa, na baada ya mapatano wakakabidhiwa kwa wenzao wakiwa hai. Samora alikataa kabisa kuviita vita vyake vita dhidi ya wazungu.

MGOGORO NDANI YA CHAMA

Jambo hilo la nani ni adui lilikaribia kukivunja chama. Katika mkoa wa Cabo Delgado, Lázaro Nkavandame alikuwa mwenyekiti wa sehemu zilizokombolewa, na alilaumiwa kwa kuzifanya biashara za umma kuwa duka lake binafsi, akiwalangua wakulima wale wale waliowalisha wapiganaji. Mwaka 1969 alijisalimisha kwa Wareno. Kabla ya hapo, tarehe 3 Februari mwaka huo, Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Uongozi ukawekwa mikononi mwa watu watatu: Uria Simango, Marcelino dos Santos na Samora Machel. Kabla mwaka haujaisha Simango alitoa waraka wa kuwashutumu wenzake, akasimamishwa, na baadaye akafukuzwa. Mwezi Mei, 1970, Samora akachaguliwa kuwa Rais wa FRELIMO.

Mwaka huo huo Jenerali Kaúlza de Arriaga wa Ureno alianzisha mashambulizi makubwa kabisa ya vita hivyo kaskazini mwa nchi, kwa ndege, mizinga na maelfu ya askari. Alikusudia kuwamaliza wapiganaji kwa pigo moja. Samora hakukubali kupigana mahali alipotaka adui. Wapiganaji wake walitawanyika, wakasogeza vita hadi mkoa wa Tete na kuvuka mto Zambezi kuelekea kusini. Askari wa Ureno walichoka na vita vya Msumbiji, Angola na Guinea-Bissau, na tarehe 25 Aprili, 1974, maofisa wao wenyewe waliiangusha serikali ya Lisbon. Tarehe 7 Septemba, 1974, mapatano yalitiwa sahihi mjini Lusaka. Tarehe 25 Juni, 1975, Samora Machel aliutangazia ulimwengu uhuru wa Msumbiji, naye akawa Rais wa kwanza wa Jamhuri hiyo.

BUNDUKI YAINGIA MJINI

Nchi aliyoipokea ilikuwa tupu. Zaidi ya watu 90 katika kila 100 hawakujua kusoma. Walowezi wengi walikimbia, na baadhi yao waliharibu mashine na kuua mifugo kabla ya kuondoka. Serikali ilitaifisha hospitali, shule na nyumba za kupangisha, ikawapeleka wauguzi vijijini na kuendesha kampeni kubwa ya chanjo. Mwezi Machi, 1976, Samora aliufunga mpaka na Rhodesia ya Ian Smith, ingawa reli na bandari za Msumbiji ziliishi kwa mizigo ya nchi hiyo. Rhodesia ilijibu kwa kushambulia kambi za wakimbizi na wapiganaji wa Zimbabwe zilizokuwa ndani ya Msumbiji, na idara yake ya ujasusi ikaunda kundi la waasi lililokuja kuitwa RENAMO. Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980, makaburu walilichukua kundi hilo na kulipanua.

Katika miaka hiyo uhusiano wa askari na mwananchi ulibadilika. Mpiganaji wa jana alikuwa na njaa kama mwenyeji wake. Askari wa leo alikuwa na kambi, gari na mamlaka ya kukamata. Mwezi Desemba, 1975, kabla uhuru haujatimiza hata mwaka, baadhi ya askari na polisi waliasi mjini Maputo, na maasi hayo yakazimwa kwa nguvu. Jeshi nalo liligeuzwa kuwa la kisasa, lenye vifaru na ndege kutoka Urusi, lililofaa kuzuia uvamizi wa mpakani lakini si kuwafuata waasi porini. Baadaye, vita vilipozidi na hazina ilipopungua, vikosi vingi vya mbali vilikaa bila chakula wala mavazi ya kutosha, na askari mwenye njaa aliigeukia ghala ya mkulima.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la kisheria. Mwezi Oktoba, 1975, serikali iliunda idara ya usalama iliyoitwa SNASP na kuipa uwezo wa kuwaweka watu kizuizini na kuwapeleka katika kambi za kuelimishwa upya bila ya kuwafikisha mbele ya mahakama ya kawaida. Uwezo usio na hakimu juu yake huwaharibu hata watu wema. Simango, Nkavandame na wapinzani wengine waliokuwa wamefungwa katika mkoa wa Niassa waliuawa pasipo hukumu ya mahakama yoyote, na kwa miaka mingi jamaa zao hawakuambiwa. Jambo hilo lilitendeka chini ya utawala wa Samora, na haliwezi kuondolewa katika hesabu ya maisha yake.

RAIS AYASHITAKI MAJESHI YAKE

Hata hivyo Samora hakuwa kiongozi wa kuketi ofisini na kusoma taarifa zilizopambwa. Tangu mwanzo wa mwaka 1980 alizunguka bandarini, maghalani na mahospitalini, akafungua milango mwenyewe, akakuta bidhaa zikioza huku wananchi wakipanga foleni, na akawaachisha kazi waliohusika. Katika mizunguko hiyo na kwa malalamiko ya wananchi, habari za vitendo vya askari na polisi zilizidi kumfikia.

Hotuba ya Novemba, 1981, tuliyoitaja mwanzoni, ilikuwa na uzito kwa sababu tatu. Kwanza, ilitamkwa hadharani, si katika kikao cha siri cha makamanda, kwa hiyo mwananchi aliyepigwa alijua kwamba mkubwa wa nchi amekiri kuwa kilichompata ni kosa. Pili, iliambatana na utaratibu: ofisi zilifunguliwa za kupokea malalamiko, uchunguzi ukafanywa, na watumishi wengi wa vyombo vya usalama wakafukuzwa au kuadhibiwa. Tatu, Samora hakukubali hoja kwamba wakati wa vita haki hungoja. Alishikilia kwamba anayemtesa mwananchi kwa jina la usalama humfanyia adui kazi yake, maana waasi hupata watu pale serikali inapowapoteza.

Mwaka uliofuata alifanya jambo jingine lililoonyesha upana wa moyo wake. Walikuwapo Wamsumbiji waliokuwa wamemtumikia mkoloni, wakiwamo askari wa vikosi maalumu vya Ureno na watumishi wa PIDE. Kwa miaka kadhaa picha zao zilikuwa zimebandikwa mahali pa kazi ili kila mtu awajue. Katikati ya mwaka 1982 Samora aliwaita mkutanoni mjini Maputo, akaketi nao siku kadhaa, akawahoji mmoja mmoja mbele ya wenzao, kisha akawarudisha katika jamii wakiwa raia kamili. Nchi nyingine zilizopita katika vita vya namna hiyo ziliwapiga risasi watu kama hao.

KIBOKO CHARUDI

Tungependa kuishia hapo, lakini historia haikuishia hapo. Mwaka 1983 ulikuwa mwaka wa ukame na njaa, wa vita vilivyosambaa na maduka matupu yaliyoneemesha walanguzi. Mwezi Machi mwaka huo sheria ilipitishwa iliyorudisha adhabu ya viboko hadharani. Adhabu ya kifo, iliyowekwa mwaka 1979 kwa makosa dhidi ya usalama wa taifa, ikapanuliwa hadi makosa ya uchumi, na watu wakapigwa risasi mbele ya umati. Katikati ya mwaka huo huo operesheni ya kuwahamisha watu walioitwa wazururaji iliwakamata wakazi wengi wa miji kwa kukosa kitambulisho tu, wakasafirishwa hadi mikoa ya kaskazini, mbali na watoto na jamaa zao. Waliotekeleza kazi hiyo walikuwa polisi na askari wale wale ambao miaka miwili kabla walikuwa wameambiwa wamheshimu raia.

Kiboko kilikuwa alama ya ukoloni wa Kireno, na FRELIMO ilikuwa imekipiga vita tangu msituni. Kukirudisha kulikuwa ni kukiri kwamba serikali imekosa njia nyingine, nacho hakikuleta chakula wala hakikupunguza waasi. Tunamhukumu Samora kwa kipimo alichokiweka mwenyewe mwaka 1981, na kwa kipimo hicho sheria za mwaka 1983 zilikuwa kosa. Wamsumbiji wenyewe waliliona hilo baadaye: viboko vilifutwa mwaka 1989, na adhabu ya kifo ikaondolewa na katiba ya mwaka 1990.

MWISHO WA SAFARI

Kwa kuelemewa na vita, Samora alitia sahihi Mkataba wa Nkomati pamoja na P.W. Botha wa Afrika Kusini tarehe 16 Machi, 1984. Kila upande uliahidi kutowasaidia maadui wa mwenzake. Ulikuwa uamuzi mchungu, kwani uliwabana wapigania uhuru wa ANC aliowahi kusafiri nao. Msumbiji ilitimiza ahadi, makaburu hawakutimiza. Mwezi Agosti, 1985, kambi kuu ya RENAMO huko Gorongosa ilipotekwa, zilikutwa hati zilizothibitisha kwamba jeshi la Afrika Kusini lilikuwa limeendelea kuwasaidia waasi.

Usiku wa tarehe 19 Oktoba, 1986, ndege iliyomchukua Rais kutoka mkutanoni Mbala, nchini Zambia, iliacha njia yake na kugonga vilima vya Mbuzini, ndani ya Afrika Kusini, karibu na mpaka wa Msumbiji. Samora na zaidi ya watu thelathini waliofuatana naye walifariki dunia. Tume ya Afrika Kusini iliwalaumu marubani wa Kirusi. Warusi walidai kwamba ndege ilipotezwa na mitambo bandia ya kuongozea ndege. Uchunguzi uliofanywa baadaye, baada ya utawala wa makaburu kuondoka, haukutoa uamuzi wa mwisho. Joaquim Chissano alishika uongozi wa nchi, na amani ikapatikana kwa mapatano ya Roma ya tarehe 4 Oktoba, 1992.

Maisha ya Samora yanatufundisha jambo ambalo halipatikani katika kitabu cha gwaride. Msituni, mpiganaji alimheshimu mkulima kwa sababu bila yeye angekufa njaa. Serikali ikishakuwa na hazina na magereza, hitaji hilo huondoka machoni, na kinachobaki kumlinda mwananchi asionewe ni sheria, na askari mwenye kuitii hata pale asipoonekana na mkubwa wake. Samora aliliona hilo, akalisema mbele ya taifa lake. Alipoacha kulifuata, hata ukuu wa jina lake na usafi wa nia yake havikutosha kuziba nafasi ya sheria. Hazitatosha nia njema za mtu mwingine yeyote. Mahabusu aliye mikononi mwa polisi usiku wa leo, na mama anayefungua mzigo wake mbele ya askari kwenye kizuizi cha barabarani, hawana cha kujikinga nacho ila hiyo sheria. Wakiipata, deni limelipwa.